Kwa nini wanafunzi wa udaktari hukimbilia ubingwa?

Mama mmoja anaweza kuwa na kisukari, presha na maumivu ya magoti kwa wakati mmoja. Akienda kwa bingwa wa kila ugonjwa, atarudi na dawa za madaktari watatu, na huenda asiwepo hata mmoja wa kuangalia kama dawa hizo zinapatana. Mama huyu anahitaji daktari wa familia, anayemtibu mtu mzima mzima na kuijua nyumba yake.

Pamoja na umuhimu huo, vijana wengi wanaosomea udaktari huutamani ubingwa. Mshahara na heshima ni miongoni mwa sababu, lakini ipo nyingine iliyomo ndani ya mitaala yenyewe.

Mwaka 1961 Dk. Kerr White na wenzake walichapisha hesabu iliyotokana na takwimu za Marekani na Uingereza. Katika watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja, 750 huugua au kuumia. Kati yao 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Mara nyingi ni kwa huyo mmoja ambapo mwanafunzi hufundishiwa, tena na walimu mabingwa. Wengine huwaona kwa nadra. Ataipendaje kazi asiyoijua?

Tiba yake ni kulihamisha darasa. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kilipeleka wanafunzi 8 huko Riverland, eneo la mashambani. Badala ya kuzunguka wodi za hospitali kubwa mjini Adelaide, walisoma mwaka mzima katika kliniki za madaktari wa kawaida, wakiwafuatilia wagonjwa wale wale kwa miezi.

Je, walipungukiwa na elimu? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa alama za wanafunzi wa mpango huo zilipanda kuliko za wenzao waliobaki mjini. Wengi wao pia walielekea kufanya kazi vijijini, ingawa vema ieleweke kuwa huenda baadhi walikuwa na moyo huo tangu awali.

Nasi majumbani tuna wajibu. Kijana akisema anataka kuwa daktari wa familia, asiambiwe kuwa ameishia njiani. Huyo ndiye tutakayemhitaji mara nyingi zaidi.