Kadi ya Grafiksi na Uniti 75

Mpwa wangu alianza kwa upole. "Mjomba, hii mashine ikiwekewa kadi, hata zile video zako za harusi zitatoka haraka." Alichokitaka ni GTA V, gemu lililoingia kwenye kompyuta mwaka 2015 na ambalo kwangu lilikuwa likienda kwa kuchechemea, ila mlango wa kunipitia aliujua. Hapa Mtinko nahariri video za harusi na kipaimara. Alizeti ikishauzwa, sherehe hufuatana, na wenye sherehe hawana subira. Nikatenga laki tatu.

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 9020 ya kasha refu, Intel kizazi cha nne, RAM GB 4, mtumba wa ofisi fulani ya ughaibuni.

Wengi wetu tunaanza kwa kuuliza kadi ipi ina nguvu, wakati mchaguzi halisi ni kasha. Pawa saplai ya 9020 hii ni wati 290 na haina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itaishi kwa kile inachopewa na tundu la ubao: wati 75, basi. Mwenye kasha jembamba ana mtihani zaidi. Kadi yake lazima iwe ya kimo kifupi, tena aangalie unene, maana nyingi hukalia nafasi mbili na jirani kwenye nafasi ya pili anaweza kuwa pawa saplai. Rula kwanza, simu ya Kariakoo baadaye.

Ya bei ya chini inayosifiwa sana ni GT 1030 ya mwaka 2017. Inakula wati 30 tu na ina GB 2. Kasoro yake ni kwamba jina moja limebeba kadi mbili: ya kumbukumbu ya GDDR5, na ile ya DDR4 iliyokuja mwaka 2018, ambayo kasi ya kumbukumbu yake ni kama theluthi moja ya mwenzake. Boksi hufanana. Na kwa mhariri kuna baya zaidi: 1030 haina sehemu ya kusimba video, kazi ambayo Intel yangu ilikuwa ikiifanya yenyewe tangu siku ya kwanza. Kuinunua ingekuwa kumpa mpwa zawadi na kumwandikia mjomba risiti. RX 6400 ya mwaka 2022, wati 53, ni mpya kuliko zote nilizozitazama, lakini nayo haisimbi, na imeunganishwa na ubao kwa njia nne tu. Kwenye ubao wa zamani kama wangu inapoteza sehemu ya nguvu zake.

Zikabaki mbili. GTX 1050 Ti ilitoka mwaka 2016 kwa dola 139, GTX 1650 mwaka 2019 kwa dola 149. Zote zina GB 4, zote wati 75, zote zinasimba. 1650 ina kasi zaidi, ingawa baadhi ya matoleo yake yanadai waya wa ziada wa umeme, na bado inapata draiva mpya za gemu. Kwa 1050 Ti Nvidia walifunga draiva za gemu Oktoba 2025 na kubakiza za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa mwenye mashine mpya ningesema 1650 bila kusita. Lakini kizazi cha nne hakipokelewi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliachwa Oktoba 14, 2025. Kuiwekea mashine hii kadi ya miaka mingi ijayo ni kumnunulia babu viatu vikubwa kidogo ili akue navyo.

Nikachukua 1050 Ti iliyotumika. Ilikula zaidi kidogo ya nusu ya fungu, na salio likanunua RAM nyingine ya GB 4 na SSD. Niseme kweli: kwa uhariri, hizo mbili ndizo nilizozihisi siku ya kwanza. Ningekuwa sina mpwa ningeishia hapo.

Tahadhari moja kuhusu kadi hii. Kuna bandia nyingi, kadi za kale zilizobadilishwa jina ndani. 1050 Ti ya kweli haitoi VGA. Ukiiona ina tundu la VGA, shuku. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi. Na kwa kuwa kadi haitoi VGA, monita yangu ya VGA ilidai kigeuzi cha HDMI, gharama ambayo hakuna muuzaji aliyeitaja.

Gharama nyingine haikutajwa pia, nayo imo ukutani. Kwa viwango vya TANESCO vya Aprili 2016, nyumba ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inakuwa 122, yaani 9,150 kwa uniti zote 75. Ukizoea kuvuka unahamishiwa kundi la shilingi 292, na kwa makato inafika kama 356. Uniti 76 hapo ni zaidi ya 27,000. Kwa mwaka, tofauti hiyo inazidi laki mbili.

Nyumba yangu ilikuwa ikitumia uniti 62. Kadi ya wati 75 ikikazwa saa nne kila siku ni uniti 9 kwa mwezi: 71. Ikikazwa saa sita ni 13.5, na jumla inakuwa 75.5.

Hesabu hiyo nimeiandika kwa chaki pembeni ya mita. Mpwa ameisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama pasi ya mama yake nayo imehesabiwa.