Mashua Mimi kwa kipimo cha 1/35

Anayetaka kuunda kwa mikono yake mfano wa chombo cha vita kilichopigana hapa Ziwa Tanganyika aanze na mashua Mimi. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen, inayoitwa Liemba tangu 1927, ina urefu wa mita 71. Kwa kipimo cha 1/35 ingezidi mita mbili, na sioni nyumba ya Kalemie yenye meza ya kuibeba. Mimi na pacha wake Toutou zilikuwa na mita 12 tu, yaani karibu sentimita 35 za mfano, kwa upana wa sentimita 7.

Mashua hizo za mkangazi ziliundwa na kampuni ya Thornycroft, Uingereza. Mwaka 1915 Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alizisafirisha kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, kisha zikapandishwa milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, maksai na nguvu za wenyeji waliokata njia na kujenga madaraja. Zilifika hapa, karibu na Lukuga, kwa reli ya Kabalo. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Kingani hiyohiyo, sasa ikiitwa Fifi, pamoja na Mimi, iliizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann.

Kiwiliwili si kazi ngumu kwa aliyewahi kuchonga mbao. Jicho la mtazamaji litakwenda omoni, kwenye mzinga wa Hotchkiss, na hapo ndipo mfano unapopona au unapokufa. Tundu la mzinga ule lilikuwa milimita 47. Gawa kwa 35, unapata milimita 1.3 na kidogo. Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi, uombe kipande cha waya wa umeme wa 1.5, ule mgumu wenye uzi mmoja wa shaba. Namba hiyo hupima eneo la mkato, si kipenyo. Kipenyo chake ni karibu milimita 1.4. Hakuna kiwanda kingekukatia kilicho bora zaidi.

Menya waya, upake nta ya mshumaa. Kata karatasi nyembamba iwe pembetatu ndefu, upande wake mpana uwe milimita 57, kwa kuwa kasiba halisi ilikuwa na urefu wa takriban mita mbili. Mshazari uegemee upande mmoja tu. Viringisha kuanzia upande mpana huku ukipaka gundi kidogo kidogo: tabaka zitarundikana nyuma na kupungua kuelekea mdomoni, na kasiba itajichonga yenyewe. Gundi ikikauka, chomoa waya. Vidaraja vilivyobaki vipitishe msasa laini.

Bombomu ya Maxim ya tezini ni rahisi zaidi. Ala yake ya maji ilikuwa na unene wa karibu sentimita 11, na mrija wa wino wa kalamu ya kawaida unakaribia kabisa kipimo hicho.

Kabla ya kukata kipande chochote, jiulize kilifanya kazi gani. Mzinga wa Mimi ulipunguzwa kimo, hata mpigaji alilazimika kupiga magoti. Tena ulifyatuliwa kuelekea mbele tu, kwa sababu msukumo wake ungeuvunja ubavu wa mashua nyepesi namna ile. Husimuliwa kwamba katika jaribio la mto Thames mzinga na mpigaji wake waliruka pamoja majini, kwa kuwa ulikuwa haujafungwa sawasawa kwenye sitaha. Kwa hiyo bolti za kitako cha mzinga zinastahili saa yako nzima. Bonyeza bati laini kwa ncha ya kalamu kutoka upande wa chini, kila nundu isizidi milimita moja, maana milimita moja hapa ni sentimita tatu na nusu kule.

Ribiti ni ugonjwa wa wanaoanza: wakishajua kuzitengeneza huzipanga kila mahali. Meli ya chuma kama Götzen inazistahili. Ubavu wa Mimi ni mbao, usiuguse.

Na mbao yenyewe? Wengi hudhani mashua ya mkangazi lazima iundwe kwa mkangazi. Hapana. Nyuzi za mti hazipungui kwa kipimo. Ukizikuza mara 35 zinakuwa mikanda minene kama vidole. Tumia mbao yenye nyuzi zilizofichika au karatasi ngumu, halafu uchore mishipa ya mkangazi kwa brashi yenye manyoya machache. Rangi uichanganye ipauke kidogo kuliko ile halisi, kwani kitu kikubwa kinachotazamwa kwa mbali hufifishwa na hewa, na mfano hutazamwa kana kwamba uko mbali.

Ukiweka watu, mpiga mzinga awe amepiga magoti. Ukimsimamisha, mzinga utamfika mapajani, na utashawishika kuinua kitako chake ili alingane nao. Hapo utakuwa umeunda mashua nyingine.