Karatasi ikilowa, mechi imeshaharibika: Makocha wa Korogwe na Handeni jipangeni kabla ya masika

JORDAN Pickford hakuingia kwenye penalti kwa kubahatisha. Julai 6, 2024, kwenye robo fainali ya Euro kati ya England na Uswisi mjini Düsseldorf, chupa yake ya maji ilikuwa imebandikwa orodha ya wapigaji wa Uswisi na upande wa kuruka kwa kila mmoja. Kwa Manuel Akanji, orodha ilisema aruke kushoto. Akaruka kushoto, akapangua, na England ikapita kwa penalti 5-3.

Miaka 18 nyuma, Jens Lehmann wa Ujerumani aliichomeka karatasi yake kwenye soksi. Ilikuwa Juni 30, 2006 mjini Berlin, dhidi ya Argentina, na Ujerumani ikashinda kwa penalti 4-2. Kikaratasi kile, cha hoteli na kilichoandikwa kwa penseli, baadaye kiliuzwa kwenye mnada wa hisani kwa euro milioni moja.

Sasa rudi huku kwetu. Korogwe ipo chini ya milima ya Usambara, Mto Pangani unapita hapo hapo, na masika ya Machi hadi Mei yakishuka mwamuzi anaweza kuanza mechi jua likiwaka na kumaliza nusu kiwanja kikiwa bwawa. Ukienda Handeni ni kukavu zaidi, lakini vumbi na jasho navyo vinakula karatasi. Na mvua ikiamua kunyesha haiulizi kama benchi lina paa.

Benchi la ndondo linabeba karatasi nyingi kuliko mashabiki wanavyodhani. Kuna mchoro wa kona na faulo, orodha ya wachezaji, kopi za vitambulisho, na kwenye mashindano ya vijana kuna vyeti vya kuzaliwa. Orodha ndiyo yenye hatari zaidi. Sheria namba 3 ya soka inataka majina ya wachezaji wa akiba yamfikie mwamuzi kabla mpira haujaanza, na ambaye jina lake halikufika haruhusiwi kucheza. Orodha ikigeuka uji dakika chache kabla ya mechi, straika wako anaweza kuitazama mechi akiwa jukwaani.

Zamani mtu angesema atatia kila kitu kwenye rambo. Mifuko hiyo ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019.

WAKIMBILIE WATU WA BAHARI

Wanaosafiri baharini kwa kayaki, vile vyombo vyembamba vya kupiga kasia, wanalijua tatizo hili siku nyingi. Mikono yote ipo kwenye kasia, mawimbi yanawamwagikia, na ramani kubwa haikunjuliki. Wengi wanajitengenezea nyumbani. Wanaprinti kipande cha safari ya siku hiyo tu, wanaweka kurasa mbili mgongo kwa mgongo, wanazifunga ndani ya plastiki, kisha wanaibana mbele yao. Kocha wa mchangani anaweza kuiga hivyo hivyo.

Anza na wino. Kopi ya mashine ya fotokopi inatumia wino wa unga, haichuruziki ikiguswa na maji. Printa nyingi ndogo za nyumbani zinatumia wino wa maji, na tone moja linatosha kufuta namba tisa. Ukiandika kwa mkono, tumia penseli au peni ya kawaida, achana na peni za jeli.

Pili, weka mambo mawili tu kwenye karatasi moja: mbele kona na faulo, nyuma wapigaji wa penalti. Andika kwa herufi kubwa za kusomeka ukiwa umesimama.

Tatu, ilamineti steshenari. Hapa wengi wanaharibu kwa kukata plastiki hadi kwenye ukingo wa karatasi. Acha angalau milimita tano za plastiki tupu pande zote, maana huko ndiko maji yanakoingilia. Ukitaka tundu la kamba, litoboe kwenye plastiki hiyo, usiguse karatasi, na kwa ajili ya tundu acha upande mmoja mpana zaidi.

Huna hela ya kulamineti? Selotepu pana inafanya kazi. Pitisha mistari inayopandana kidogo, mbele na nyuma, hadi izidi ukingo kwa upana wa kidole, kisha ibane vizuri kwa mgongo wa kijiko.

Nne, ijaribu. Itumbukize kwenye beseni la maji kwa saa nzima. Bora ivujie nyumbani kuliko kiwanjani.

Juu ya plastiki unaweza kuchora mabadiliko kwa maka peni isiyofutika, halafu ukaifuta kwa spiriti baada ya mechi. Maka ya ubao mweupe inaondoka ikipigwa na mvua.

Orodha ya mwamuzi inahitaji saini, hivyo usiilamineti. Andaa nakala mbili na zihifadhi kwenye faili la plastiki lenye kifungo. Vyeti halisi pia visipite kwenye mashine, maana plastiki ikishagandana haibanduki bila kuchana cheti.

Yote haya hayafikii bei ya mpira mmoja. Meneja wa timu aipitie kazi hii wiki hii, kabla hujatolewa mashindanoni kwa sababu ya karatasi iliyolowa.