Kasha Lisiondoke Tupu

Tarehe 26 Aprili, 1956, meli iitwayo Ideal X iling'oa nanga Newark, Marekani, ikielekea Houston na makasha 58 ya chuma juu ya sitaha. Mwenye meli hiyo, Malcom McLean, hakuwa baharia bali mtu wa malori. Wakati huo kupakia tani moja ya shehena kwa mikono ya mahamali kulikuwa kukigharimu karibu dola 6. Kwa makasha, gharama ilishuka hadi senti zipatazo 16.

Siri si chuma. Siri ni kwamba kontena hutiwa lakiri kiwandani na halifunguliwi mpaka lifike kwa mwenye mali. Meli, treni na lori hupokezana tu. Vipimo vyake vya futi 20 na futi 40 ni vilevile Singapore na Mombasa.

Sisi wa Visiwani tunalipokea Malindi, bandari iliyobanwa na bahari upande mmoja na Mji Mkongwe upande wa pili. Meli kubwa za dunia hazifiki hapo. Makasha hushushwa katika bandari kubwa, kisha huletwa na meli ndogo. Kila uhamisho una malipo yake, na kila siku kasha linapokaa likingoja karatasi ina malipo yake pia. Malipo hayo hayamwumizi mwenye meli. Huishia katika bei ya bidhaa dukani, Makunduchi na Micheweni. Afisa anayeliacha faili mezani mpaka Jumatatu na aelewe kwamba ametoza kodi ambayo Baraza la Wawakilishi halikuipitisha.

Mpango wa bandari mpya Mangapwani tunauunga mkono, maana makasha yanataka uwanja mpana hata kuliko gati. Lakini uwanja hautajibu swali linalotusumbua zaidi: makasha huingia yamejaa, na mengi huondoka matupu. Mwenye meli habebi hewa bure. Gharama ya kulirudisha kasha tupu huihesabu katika nauli ya kuja, nasi ndio tunaoilipa.

Karafuu ya Pemba ni mali, lakini haijazi makasha mengi. Mwani wetu, ambao wakulima wake wengi ni akina mama, kwa sehemu kubwa husafirishwa ghafi. Basi katika mahesabu ya Mangapwani tungependa wizara za biashara, kilimo na uvuvi ziitwe meza moja na wenye bandari, zieleze kwa tarakimu: ni makasha mangapi ya mwani uliosindikwa, viungo na samaki yatakayopakiwa kila mwezi, na kutoka ghala lipi?