King'ora cha Nyumbani na Wi-Fi: Jinsi ya Kukiunganisha na Kuhakikisha Ujumbe Unafika

Chukulia familia moja ya Mtwapa inayosafiri kwenda mazishini Kaloleni kwa siku nne. Kabla ya kuondoka wanafunga milango, wanawasha king'ora cha usalama kupitia simu, kisha wanashika njia. Siku ya pili, msimamizi wa ploti anabadilisha nenosiri la Wi-Fi inayotumiwa na wapangaji wote. Tangu dakika hiyo, king'ora hakina njia ya kutuma ujumbe. Simu ya baba imenyamaza, naye anachukulia kimya hicho kuwa ni amani. Mlango ukivunjwa usiku huo, king'ora kitalia ndani ya nyumba, lakini wenyewe hawatajua lolote hadi watakaporudi.

King'ora cha familia hii si kibovu. Kilichokatika ni muunganisho wake na mtandao, na hakuna aliyeupima baada ya fundi kuondoka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuunganisha king'ora cha nyumbani na Wi-Fi, makosa yanayojirudia, na jinsi mkazi anavyoweza kujua kwamba ujumbe utamfikia siku atakayouhitaji.

Mawasiliano mawili tofauti

Mfumo wa kawaida wa nyumbani una vitambuzi, king'ora chenye sauti na kifaa kikuu. Kitambuzi cha mlango huwa na vipande viwili, kimoja kikiwa na sumaku. Vikiachana, mlango umefunguliwa. Kitambuzi cha chumbani hugundua joto la mwili linalosogea. Kipo pia cha moshi. Vyote hupeleka taarifa kwa kifaa kikuu, ambacho ndicho huamua kuliza king'ora na kutuma ujumbe kwa simu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mifumo mingi haitumii Wi-Fi kati ya vitambuzi na kifaa kikuu. Huwasiliana kwa mawimbi yao wenyewe ya redio, mara nyingi ya megahazi 433 au 868. Wi-Fi hutumika tu kutoa taarifa nje ya nyumba. Ndiyo maana king'ora kinaweza kulia vizuri sana fundi anapokijaribu sebuleni, ilhali simu ya mwenyewe aliye mbali haipati chochote.

Kabla ya kuanza

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Kifaa kikuu kisiwekwe kando ya mlango wa mbele, mahali ambapo anayeingia atakiona na kukivunja mara moja. Wala kisifichwe ndani ya kabati la chuma, nyuma ya friji au karibu na tangi la maji, kwa kuwa chuma na maji hudhoofisha mawimbi. Katika nyumba za ukanda wa Pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene nazo hupunguza nguvu ya Wi-Fi kutoka chumba kimoja hadi kingine. Ukuta wa mabati huzuia zaidi. Njia rahisi ya kupima ni kusimama na simu mahali palipochaguliwa: ikiwa Wi-Fi inasuasua pale kwenye simu, kifaa kikuu nacho kitapata taabu.

Hatua ya pili ni kujua masafa ya ruta. Ruta nyingi za sasa hutangaza mitandao miwili, mmoja wa gigahazi 2.4 na mwingine wa gigahazi 5. Ule wa 5 una kasi zaidi lakini haufiki mbali. Ule wa 2.4 ni wa polepole lakini hupenya kuta vizuri zaidi, na ndio unaotumiwa na ving'ora vingi vya nyumbani. Mkazi anapojaribu kuunganisha kifaa cha 2.4 na mtandao wa 5, hakitauona kabisa, hata nenosiri likiwa sahihi. Ikiwa mitandao yote miwili ina jina moja, inafaa kuingia katika mipangilio ya ruta na kuipa majina tofauti, au kuzima ule wa 5 kwa muda wakati wa kuunganisha.

Hatua ya tatu ni nenosiri. Lile lililobandikwa chini ya ruta tangu dukani libadilishwe, kwa sababu kila aliyewahi kuishika ruta hiyo anaweza kulisoma. Jipya liwe na herufi na tarakimu zisizopungua 12, na ulinzi wa ruta uwekwe kwenye WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Vifaa vya zamani kidogo havielewi WPA3 pekee.

Hatua za kuunganisha

Maelezo madogo hutofautiana kulingana na mtengenezaji, lakini mpangilio wa kazi ni karibu uleule.

1. Mkazi aweke programu ya king'ora kwenye simu yake na kufungua akaunti kwa barua pepe au nambari yake mwenyewe.

2. Simu iunganishwe na Wi-Fi ya nyumbani ya gigahazi 2.4. Bluetooth na huduma ya mahali ziwashwe, kwa kuwa programu nyingi huzihitaji ili kukitafuta kifaa.

3. Kifaa kikuu kichomekwe kwenye stima, kisha kitufe chake kibonyezwe na kushikiliwa hadi taa ianze kumetameta. Hapo kipo tayari kuunganishwa.

4. Programu itaomba msimbo wa QR ulio nyuma ya kifaa, au itaunganisha simu na mtandao wa muda unaotolewa na kifaa chenyewe. Mtandao huo wa muda hauna intaneti, na simu nyingi huukimbia na kurudi kwenye bando. Kwa hivyo bando izimwe kwa dakika hizo chache.

5. Jina la Wi-Fi ya nyumbani lichaguliwe na nenosiri liandikwe kwa uangalifu. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

6. Taa ikiacha kumetameta na kutulia, kifaa kimeunganishwa. Programu ikiomba kusasisha kifaa, ikubaliwe papo hapo, na stima isikatwe hadi imalize.

7. Vitambuzi viongezwe kimoja kimoja na kupewa majina yanayoeleweka, kama "mlango wa jikoni" au "dirisha la watoto". Ujumbe unaosema "kitambuzi 3" saa nane za usiku haumsaidii mtu.

Muunganisho unapokataa

Ikiwa mtandao hauonekani, chanzo cha kawaida ni gigahazi 5. Ikiwa unaonekana lakini kifaa kinakataliwa, nenosiri limekosewa au ulinzi wa ruta ni wa WPA3 pekee. Ikiwa kinaunganika kisha kinaachia kila mara, kifaa kiko mbali mno na ruta.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: alama ya Wi-Fi imejaa lakini ujumbe hauendi. Kuunganika na ruta si sawa na kufikia intaneti. Malipo ya mwezi yakiisha, ruta huendelea kutangaza Wi-Fi kama kawaida, ila nje hakupitiki.

Wi-Fi inayomfungulia mtu ukurasa wa kuingiza nambari ya simu au kukubali masharti haifai kwa king'ora, kwa sababu kifaa hakiwezi kufungua ukurasa huo. Hotspoti ya simu nayo ni mtego. King'ora kitafanya kazi mwenye simu akiwa nyumbani, na kitapoteza mtandao mara tu atakapotoka nayo mlangoni, yaani wakati uleule ulinzi unapohitajika.

Wapangaji wanaotumia Wi-Fi ya pamoja wanashauriwa kukubaliana na msimamizi wa ploti awape taarifa kabla ya kubadilisha nenosiri. Anayeweza kumudu laini yake mwenyewe ya intaneti yuko salama zaidi, kwani katika mtandao wa pamoja hajui ni nani mwingine aliyeunganishwa.

Stima ikipotea

Vifaa vikuu vingi vina betri ya ndani inayoweza kuvibeba kwa saa kadhaa stima inapopotea. Ruta za kawaida hazina. Matokeo yake ni kwamba king'ora kinabaki macho, lakini ruta imezimika na ujumbe hauna pa kupitia.

Kuna njia mbili za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni betri ndogo ya ruta inayouzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki. Mnunuzi aangalie kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yake, ambazo mara nyingi ni 9 au 12, ili asije akaiunguza. Ya pili ni kuchagua kifaa kikuu chenye nafasi ya laini ya simu. Wi-Fi ikikatika, kifaa huhamia kwenye laini na kutuma ujumbe au kupiga simu. Laini hiyo lazima iwe na salio, na mwenyewe awe na utaratibu wa kuliangalia.

Zaidi ya hayo, mkazi atafute katika programu taarifa ya kifaa kupoteza mtandao na kuiwasha. Taarifa hiyo hutoka kwa kampuni inayoendesha huduma, si kwa kifaa kilichokatika, na humfikia mwenyewe baada ya muda mfupi. Familia ya Mtwapa ingekuwa imeiwasha, ingejua siku ya pili kwamba nyumba yao imenyamaza, na ingempigia jirani apite kutazama.

Funguo ziko kwa nani?

Kosa lingine halihusu mawimbi wala stima. Fundi akifungua akaunti kwa barua pepe yake "ili kurahisisha kazi", yeye ndiye mmiliki wa king'ora hicho. Anaweza kukizima akiwa popote, na mwenye nyumba hawezi kumwondoa. Akaunti ifunguliwe kwa jina la mwenyewe tangu mwanzo. Fundi akihitaji kuingia, apewe nafasi ya mgeni, nayo ifutwe akimaliza. Vivyo hivyo kwa mfanyakazi wa nyumbani aliyeacha kazi au mpangaji aliyehama. Pale programu inaporuhusu, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Kampuni zinazotoa huduma za ulinzi wa kibinafsi zinatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016 inayosimamia sekta hiyo. Mkazi ana haki ya kuomba kuona usajili kabla ya kumfungulia mtu milango yote ya nyumba yake. Pia, kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018.

Wanaoongeza kamera kwenye mfumo wakumbuke majirani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu binafsi, picha zikiwemo. Kamera ielekezwe kwenye lango na ua wa mwenyewe, si kwenye dirisha la chumba cha jirani.

Jaribio la kila mwezi

Jaribio la kweli hufanywa mtu akiwa nje. Mkazi atoke nyumbani, azime Wi-Fi kwenye simu yake na kutumia bando, kisha mtu aliyebaki ndani afungue mlango wenye kitambuzi. Ujumbe ukifika, njia iko wazi. Halafu stima ya ruta izimwe na jaribio lirudiwe, ili ijulikane kama betri au laini inashika zamu. Kazi nzima haizidi dakika kumi. Ifanywe kila mwezi, na kila mara nenosiri, ruta au kampuni ya intaneti inapobadilishwa.

Wakazi wanakumbushwa kwamba ving'ora vingi vya aina hii havipigii polisi simu. Humwarifu mwenyewe, naye ndiye wa kuchukua hatua. Nambari za dharura ni 999 na 112. Programu nyingi huruhusu zaidi ya mtu mmoja kupokea ujumbe, kwa hivyo jirani anayeaminika au mshirika wa Nyumba Kumi aongezwe. Aliye mita ishirini kutoka mlangoni ana msaada mkubwa kuliko aliye safarini.

Kitambuzi cha moshi nacho kisipuuzwe. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti, na moto uliogunduliwa mapema ni rahisi kuuzima. Kila mkazi anahimizwa kuhifadhi kwenye simu yake nambari ya kituo cha zimamoto kilicho karibu naye. Asiyeijua anaweza kuiuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi yake.

Kwa ufupi

• Tumia Wi-Fi ya gigahazi 2.4, si hotspoti ya simu.
• Fungua akaunti kwa jina lako, si la fundi.
• Washa taarifa ya kifaa kupoteza mtandao.
• Iwekee ruta betri, au kifaa kikuu laini ya simu yenye salio.
• Ongeza jirani mmoja kwenye orodha ya wanaopokea ujumbe.
• Fanya jaribio ukiwa nje, kila mwezi na kabla ya kila safari.