Rangi Inayolisha Matumbawe

Watu wengi hudhani kuwa rangi ya kahawia ya matumbawe yaliyo hai ni rangi ya jiwe lenyewe. Sivyo. Mifupa ya tumbawe ni chokaa nyeupe, na mnyama anayeijenga, yaani polipi, ana mwili mwororo unaopenyeza mwanga. Rangi hiyo hutokana na mwani mdogo mno uitwao zuzanthela, ambao huishi ndani ya seli za polipi. Sentimita moja ya mraba ya tumbawe huweza kuwa na zaidi ya milioni 1 ya mwani huo.

Kwa kutumia mwanga wa jua, maji na kaboni dioksidi, mwani hutengeneza sukari; kazi hiyo huitwa usanisinuru. Sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea polipi, naye huupatia mwani makao na virutubisho vya naitrojeni na fosforasi.

Mimea ya nchi kavu hutegemea klorofili, ambayo hunasa hasa mwanga mwekundu na wa buluu. Lakini maji ya bahari hufyonza mwanga mwekundu upesi. Kwa hiyo mwani wa matumbawe, mbali na klorofili a na c, una rangi nyingine iitwayo peridinini. Rangi hii hunasa mwanga wa buluu-kijani, ambao klorofili haiupati vizuri, kisha huipatia klorofili nguvu hizo. Mchanganyiko wa rangi hizi ndio unaoonekana kahawia.

Karibu na uso wa maji taabu ni kinyume: mwanga huzidi. Hapo diadinozanthini hugeuka kuwa diatozanthini, ambayo husaidia kuondoa nguvu za ziada kwa njia ya joto. Mwanga ukipungua, hurudia hali yake ya kwanza.

Kinga hiyo ina mpaka. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa digrii 1 tu ya Selsiasi, kwa majuma kadhaa, mitambo ya usanisinuru huharibika na kuzalisha oksijeni yenye kudhuru seli. Mwani hupoteza rangi zake au hutolewa nje, na tumbawe hubaki jeupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya na Tanzania hadi Ushelisheli na Maldivi, ambako matumbawe mengi yalikufa.

Hata hivyo, tumbawe lililogeuka jeupe hivi karibuni huwa bado hai, ila lina njaa. Maji yakipoa mapema, mwani huongezeka tena. Yakichelewa, polipi hufa, na hatimaye samaki hukosa makazi. Kwa sababu hiyo, anayekuta matumbawe meupe asiyakanyage wala kuyavunja kwa kudhani kuwa ni mawe matupu.