Huduma ya Kwanza (4): Mzio Unapoziba Pumzi

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokipokea kama adui kitu kisichowadhuru watu wengi: kamba, karanga, sumu ya nyuki, penisilini. Mara nyingi huishia kwenye vipele na mwasho. Mzio mkali, yaani anafilaksia, ni hatari ya kifo. Seli za kinga humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, shinikizo la damu huporomoka, ulimi na koo huvimba, mirija ya hewa kifuani hubana. Wafaransa Charles Richet na Paul Portier, waliokuwa wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini, ndio walioupa mzio huu mkali jina la anafilaksia mwaka 1902.

Dalili huanza dakika chache baada ya kuchomwa na nyuki au sindano. Baada ya kula, pengine huchelewa hadi saa mbili. Sauti hukwaruza, kumeza huwa taabu, kifua hutoa mluzi, kichwa huzunguka. Vipele vinaweza visionekane kabisa, kwa hiyo visisubiriwe.

Dawa inayookoa ni adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, irudiwe baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Vidonge vya Piriton hutuliza mwasho tu. Havifungui koo wala havipandishi shinikizo la damu. Pasipo na adrenalini, mgonjwa awahishwe kituo cha afya kilicho karibu.

Njiani alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aketi, miguu akiinyoosha mbele. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akidai amepata nafuu, kwani damu hushuka miguuni ghafla na moyo ukakosa cha kusukuma. Wapo waliokufa hivyo, wakiwa mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa. Mwiba wa nyuki ung'olewe upesi, hata kwa kucha, maana kifuko chake huendelea kusukuma sumu. Mwenye pumu apulizie inhela yake ya salbutamoli, lakini baada ya adrenalini.

Dalili zaweza kurudi saa kadhaa baadaye, hivyo mgonjwa abaki hospitalini chini ya uangalizi.

Kinga huanza kwa kukijua kisababishi na kukiepuka. Mafuta yaliyokaangiwa kamba hubeba kisababishi hadi kwenye chipsi. Mzio wa dawa uandikwe kwenye kadi ya matibabu na utajwe hata kwenye duka la dawa. Mwenye pumu atumie kila siku inhela ya kinga aliyoandikiwa, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa huzidisha hatari ya mzio mkali kuua.